Fundi Shoto na Maneno Matano ya Daktari

"Mtaa huu mzima hakuna anayenifikia kwa kutia zipu," anasema Fundi Shoto, pini mbili zikiwa mdomoni. Kisha anaitazama sketi aliyoishika na kucheka. "Ona, hii nimeitia kichwa chini."

Ni saa moja asubuhi. Anaifumua kwa mkono wa kushoto. Wa kulia unashikilia tu, kama mgeni asiyetaka kuzoea kazi. Kwa cherehani hii ya miguu hushona nguo nne kwa siku. Kwa ya umeme angeshona nane, ila daktari alimkataza: kifafa kikimkamata mota ikizunguka, vidole vitashonwa pamoja na kitambaa.

Ana miaka ishirini na miwili. Alipokuwa na sita, usaha wa sikio ulipanda hadi kwenye ubongo, wakampasua kichwa kuutoa. Alipozinduka mkono ulikuwa umelegea, na kifafa kikahamia bila hata kubisha hodi.

"Waliniambia huenda asisome," anakumbuka mama yake, mfua nguo. "Sasa anasoma hadi meseji zangu zisizomhusu."

Leo ni kliniki, siku ya hukumu ya cherehani ya umeme. Mama naye yumo.

Daktari anamtajia Shoto maneno matano ayakumbuke: kijiko, samaki, jiwe, taa, shuka. Anamgusisha pua, anamtembeza juu ya mstari, anamchoresha saa. "Haya, nirudishie maneno yangu."

Shoto anakuna kichwa. Nyuma yake mama anakohoa kwa adabu: "Mbuzi... sabuni..."

"Mama, unanichanganya!" Anafumba macho. "Kijiko. Samaki. Jiwe. Taa." Anameza mate. "Shuka!"

Daktari anapiga meza kofi. "Watoto wa upasuaji huu nawafuatilia miaka mingi. Huyu mkono mzito, yule anasahau, mwingine anaanguka. Wewe mwaka wa pili huu hujaanguka, na picha ya kichwa ni safi. Dawa endelea kumeza. Cherehani ya umeme, ruksa!"

"Nitashona sare za shule nzima!" Shoto anaruka.

"Zipu umpe mtu mwingine, mwanangu," mama anasema, akijifuta machozi.

Daktari anamgeukia. "Na wewe mama, maneno yangu ya mwaka jana umeyatoa wapi?"

"Maneno gani, daktari? Nilikuwa nakohoa tu."

"Ukakohoa mbuzi?"

"Kifua hiki, daktari, kinanitesa."

Anaziba mdomo kwa kiganja, anakohoa tena ili aaminike. Kikaratasi kinadondoka kutoka kiganjani. Shoto anakiokota na kukisoma kwa sauti:

"Ndizi. Daftari. Ngazi. Mbuzi. Sabuni."