Mstari Kati ya Veda na Walioacha Nyumba

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Shule, mtu wa Mbeya, alinipokea Sumbawanga akiwa na jembe begani, kwani ilikuwa zamu ya shamba. Aliviangalia viatu vyangu vya mahafali. "Ndugu Mwalimu, hivyo vitakufaa Krismasi." Kisha akanipa somo ambalo wenzangu walilikwepa: dini za kale za India.

Nilikuwa kijana wa kuwaza kupita kiasi. Niliogopa wanafunzi, niliogopa chaki, niliogopa hata kuyatamka yale majina.

Darasani nilieleza Veda, yaani nyimbo na maneno ya ibada yaliyorithishwa kwa mdomo, na makuhani wake, Wabrahmana, waliomimina samli motoni kwa ajili ya miungu. Halafu nikaeleza Washramana, watu wa juhudi: walioacha nyumba, moto na mali, wakafunga, wakatembea wakiomba chakula, wakitafuta kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Kati ya makundi hayo nikachora mstari mnene ubaoni.

Mwalimu wa Taaluma, aliyekuwa nyuma akinikagua, aliniita nje.

"Huo mstari umeupata wapi?"

"Waliikataa Veda, mzee."

"Wote?"

Nikarudi vitabuni. Wabudha na Wajaini waliikataa kweli, pamoja na kafara zake. Lakini wengine waliacha nyumba wakiwa ndani ya Veda ile ile, wakisema moto sasa uko mwilini na pumzi ndiyo sadaka. Wasomi wenyewe bado wanabishana nani alijifunza kwa nani.

Kabla sijarekebisha somo, alikuja mama yake Ladislausi, mwanafunzi wangu; alikuwa mkulima wa Mwimbi. Mwanawe wa pekee alikuwa amemwambia kwamba akimaliza shule ataingia monasteri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa wale wanaokimbia mama zao?"

"Mimi nafundisha historia tu, mama."

"Historia gani inamchukua mtoto kabla hajanipa mjukuu? Angekuwa padri ningemwona parokiani, nikamlisha. Huko wanafunga mlango."

Nikamweleza sehemu ambayo darasa lilikuwa halijaisikia: kwamba walioacha nyumba waliishi kwa chakula cha waliobaki. Walisimama milangoni na bakuli, na watu ambao bado waliwasha moto wa kale waliwapa.

"Kumbe kula hawakuacha."

"Hawakuacha, mama."

"Na mlangoni kwa mama yake, mtu aliruhusiwa kusimama?"

"Inasimuliwa kwamba wako waliorudi hadi kwao, wakapokea chakula kama kwa mtu mwingine yeyote."

Akakunja ncha ya kanga yake. "Basi aje kwanza anilimie ntumba."

Ntumba ni vile vilima vya udongo ambamo Wafipa hufukia majani mvua zikielekea kuisha. Yakioza, msimu unaofuata vilima hutandazwa na kupandwa ulezi. Ladislausi alipomaliza shule alikaa nyumbani, akafukia majani shamba zima, akaondoka. Mama yake akavitandaza vilima peke yake, akapanda ulezi.

Alipovuna aliniomba nimsindikize monasteri. "Wewe unajua desturi za hao watu wako." Tulipanda lori, tukafika tumejaa vumbi. Bruda Ladislausi alipofungua mlango, aliyesimama nje na bakuli alikuwa mama.

"Ni unga wa ntumba zako," alisema. "Usiniambie umefunga."

Mwanawe alipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti. Mimi nilijifanya naangalia lori.

Baadaye nilihamishiwa Mtowisa, kwenye joto la bondeni, kisha Muze, nilikostaafu. Kote huko nililifundisha somo lile, na kila mara nilichora mstari wangu kati ya Veda na Washramana, kwa kuwa tofauti ilikuwepo. Kisha kwa kidole nilifuta kipande cha katikati, nikaacha nafasi ya mlango.