Magogo Kwanza, Chai Baadaye

Shule niliacha darasa la tatu, lakini gereji yangu hapa Sosiot niliijenga kwa mikono yangu. Mke wangu alikuwa na sheria moja tu. Akileta chai saa nne, anainama kwanza kuangalia chini ya gari. Akikuta limeshikwa na jeki pekee, bila magogo ya mbao ya kulizuia lisianguke, anarudi nyumbani na chupa yake.

"Mama, chai itapoa!" mafundi walimlilia.

"Afadhali ipoe chai kuliko nyinyi."

Basi tukazoea kuweka magogo, hata kwa kazi ndogo. Asubuhi moja baada ya mvua kubwa, nilikuwa nimelala chini ya pikapu ya kubeba majani chai. Udongo ulilainika, jeki ikazama, pikapu ikashuka na kukaa juu ya magogo, karibu na pua yangu. Nilitambaa nikatoka na matope tu.

Mke wangu alifika, akainama, akaona. Alinimiminia mimi kwanza, mpaka kikombe kikafurika.

Mwenye gereji ni mimi, na mtu akiumia humu ni juu yangu. Siku hizi ninainama mwenyewe kabla yeye hajafika. Namshukuru Mungu kwa huyo mama.