Niliifuta Diski ya Kaka, Kumbe Mipaka ya Shamba Letu Ilikuwa Humo

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Haya nimeyaandika mara tatu nikayafuta, maana kila mara najikuta najipendelea.

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa Kibaha. Laptop yangu ni kuukuu, fundi aliiwekea Linux, mfumo mwepesi badala ya Windows, ili isinifie. Kaka yangu anayekaa Kisarawe, msomi wetu, aliigeuza kichekesho. Kwenye arobaini ya baba akasema mbele za watu, "Laptop na mdogo wangu ni mapacha, wote wameishia darasa la saba!"

Ukoo mzima ukacheka. Jamani, iliniuma! Nikajiapiza: siku yako ipo.

Ikafika. Kaka akaja na diski ya nje. "Mdogo wangu, nitolee kopi ya vilivyomo. Ila hilo dude lako litaisoma kweli?"

Nikaichomeka. Taa ikawaka, diski haikufunguka. Tatizo nalijua: aliichomoa kwenye kompyuta yake bila kuifunga vizuri, na Linux huzikataa za namna hiyo. Dawa yake ni amri moja tu ya kuandika. Nimewafanyia wateja wengi.

Kaka akatoka kwenda kunywa chai. Nikabonyeza fomati, nikafuta vyote. Kwa makusudi! Na kwa raha!

Aliporudi nikamwambia, "Nimejaribu kila namna. Imekufa, kaka."

"Basi, kaa nayo." Nikaijaza muvi za wateja.

Haki nimpe: hakunieleza mna nini ndani. Lakini nami sikuuliza.

Mwezi haukuisha, jirani yetu kule shambani Gwata akang'oa minyaa ya mpaka, akalima hadi ndani kwetu. Ndipo kaka akanieleza: baba alipoanza kuzidiwa, aliwatembeza majirani mpakani, mti kwa mti, na yeye kaka akarekodi video. Simu aliyorekodia ilishaibiwa, video ikabaki kwenye diski ile tu. Kopi aliyoniomba siku ile ilikuwa ya kwangu, "maana wewe ndiye unayelima."

Kwenye baraza la ardhi tukashindwa kwa kukosa video ile. Kaka ndiye aliyenibembeleza! "Usilie, mdogo wangu. Mashine ni mashine."

Sijamwambia. Na kicheko kile sijakisamehe. Sijui kama naona aibu, au bado namlipiza kwa kunyamaza.

Wenzangu, ukiwa na kinyongo na mtu, usipokee kitu chake mkononi. Mwambie, "Leo siwezi, nenda kwa fundi mwingine." Atanuna. Mwache anune!