Bipu Chini ya Maji

Naukumbuka mwaka wa 1996 vizuri kuliko ninavyokumbuka jana. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na taabu zangu zilianzia hapo. Shule niliiachia darasa la nne, kwa hiyo usitafute hapa maneno ya profesa. Haya ninayokuandikia, mwanangu, maana kila kijana wa kwetu huku namwita mwanangu, nimeyapata kwa ngozi yangu.

Vita ilipofika kwetu Fizi, mimi na mama tulipanda darini kwa jirani, tukalala juu ya mahindi. Watu wakaja. Hawakupiga kelele. Waligonga ukuta polepole, wakaita kwa lugha yetu, tena kwa sauti ya upole: "Tokeni, ndugu zetu, ni sisi." Jirani, aliyejificha jikoni, akaitika. Sitasema zaidi. Mama alinishika mdomo mpaka wakaondoka, na tangu siku ile nikajua jambo moja kama ninavyojua jina langu: ukigongewa, nyamaza.

Elimu hiyo nilivuka nayo ziwa, nikaishi nayo kambini Tanzania, nikaja nayo Louisville, Amerika. Tulipewa apartimenti mtaa wa Beechmont. Mtu akigonga mlango nazima televisheni, mke wangu anatoa kijiko kwenye sufuria, na kijana wetu Amani, bado mdogo kabisa, anavua viatu bila kuambiwa. Tunakaa hivyo mpaka mtu achoke. Mara nyingi alikuwa mtu wa posta tu. Mimi nikijisifu kwamba hapa hatupatikani.

Kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kuwaogesha wazee kwenye nyumba ya kuwatunza. Mama Jeannine, Mrundi tuliyefanya naye kazi, alinicheka siku ya kwanza.

"Wewe mwanaume wa Fizi, leo umesugua mgongo wa mzungu. Kesho utamsuka?"

"Nitamsuka," nikamwambia, "akiwa na nywele."

Hakuwa nazo. Aliitwa Mista Ray. Mtoto hakuwa naye, mgeni hakuja. Kila asubuhi nikiingia na beseni namkuta ameshika kijiko, anagonga chuma cha kitanda. Ting. Anangoja, ananyamaza, anatazama dari. Kisha tena, ting.

Bon, hapa nikueleze kitu ambacho ninyi mliokulia huku hamkijui. Kambini hatukuwa na salio la kuongea. Ukimkumbuka mtu unampigia, simu inalia mara moja, unakata. Ndiyo bipu. Maana yake: mimi nipo, wewe je? Naye anakurudishia bipu yake. Haipokelewi, maana ukiipokea umemla mwenzako salio, na watu watakusema. Inarudishwa tu.

Basi nilifikiri mzee ananibipu. Nikaona aibu kumwacha hivihivi. Aligonga ting, nami nikagonga beseni langu, ting.

Alinidaka mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo. "Usijibu! Unataka watuue?"

Mama Jeannine alisema kichwa kimemruka. Kichwa kilikuwa kinaenda na kurudi, ni kweli. Lakini siku kilipokuwa nyumbani, Mista Ray alinieleza, polepole na kwa mikono, maana Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Katika ile vita kubwa ya dunia alikuwa baharia wa nyambizi, meli inayopita chini ya bahari. Meli za adui juu ziliiwinda kwa mtambo unaoitwa sona. Mtambo unatuma mlio majini. Mlio ukigonga chuma unarudi kwa mwenyewe na kumwambia, wako hapa. Tena wanasikiliza kelele yoyote ya huko chini, kisha wanaangusha mapipa ya baruti. Walio ndani wanausikia ule mlio kwenye kuta, ndio aliokuwa akiuiga kwa kijiko. Ting. Wanazima feni, wanavua viatu, mpishi anaweka vijiko juu ya taulo. Hakuna anayekohoa.

"Na mkinyamaza mnapona?" nikauliza.

"Mimi nilipona."

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Kwetu ule mlio ulikuwa salamu, kwake ulikuwa kifo. Lakini dari ile ya mahindi na nyambizi ile, naona zilikuwa nyumba moja. Kwa hiyo nikamsimulia mambo ya Beechmont, nikitegemea anipongeze. Televisheni, sufuria, viatu vya mtoto.

Hakunipongeza. Alinitazama, sabuni ikimtiririka shingoni.

"Nani anakuwinda Louisville? Mtu wa posta?"

Nikammwagia maji shingoni. Akaniambia alichokuwa hajaniambia. Safari ya mwisho ya nyambizi yake hakwenda. Alikuwa hospitalini amepasuliwa tumbo. Ilitoka bandarini na wenzake wote, na haikuonekana tena. Hakuna aliyejua imezama wapi, kwa mapipa au kwa nini. Kwa muda walisema imechelewa. Baadaye wakasema bado iko doria, na mpaka leo, alisema, mabaharia wenzake husema hivyohivyo, bado wako doria. Mama wa rafiki yake mmoja alikataa kuihama nyumba mpaka akafa, mwanawe asije akarudi akakuta wageni.

"Kunyamaza kulituokoa," akasema. "Lakini wakishaondoka wawindaji, lazima upande juu useme uko hai. Wewe wawindaji wako wameondoka zamani, kijana. Unafanya nini huko chini na mtoto?"

Hasira zilinipanda, nakuambia kweli. Nani ananifundisha vita, mimi? Nilimvisha shati nikaenda zangu. Lakini siku nilipoaga kuhamia Hilliard, pembeni mwa Columbus, nilikaa kitandani kwake nikagonga chuma kwa ukucha, mara moja tu. Mzee alitazama dari. Kisha akainua kijiko, akanirudishia.

Ningekuwa na akili ningejifunza hapohapo. Sasa nisikilize vizuri.

Amani alikua, akaoa, akahamia Buffalo. Msimu huu wa baridi kazi ya ghala ilimponyoka, na mkewe akarudi kwa wazazi wake. Akaacha kupokea simu. Mimi ni baba, nikapiga asubuhi, nikapiga mchana, nikamwachia ujumbe wa sauti kali: mwanaume gani wewe, mbona unanitia aibu, nijibu! Mama yake akaacha kula vizuri. Nikapanda basi.

Nyumba yake iko North Buffalo. Nilipofika mlangoni nilisikia maji yakitiririka jikoni. Nikagonga. Maji yakafungwa. Sakafu ikalia kidogo, hatua ya mtu asiye na viatu, halafu hakuna. Nikajua yumo, na nikajua amesomea wapi.

Nikaita mpaka jirani akachungulia. Kisha nikaondoka, nikatembea hovyo mpaka nikafika majini, na pale pamefungwa nyambizi ya zamani, watu wanalipa kuiona. Nikalipa. Ndani ni pembamba, vitanda vimebebana, harufu ya mafuta haijaisha. Nikagonga ukuta kwa ukucha. Ting. Nilisikia ule mlio ndani ya chuma nikaelewa kwamba aliye ndani hawezi kujua anayegonga ni ndugu au mwuaji. Na zile simu zangu zote, na ile sauti kali, yalikuwa mapipa ya baruti. Nilikuwa namwinda mtoto wangu.

Nikarudi. Niligonga mara moja, kwa ukucha.

"Amani, ni Papa. Sikuja kuuliza kitu. Nyumba ya Hilliard iko, chumba chako kiko. Naenda."

Nikaenda kweli. Ndiyo sehemu iliyoniumiza zaidi, kutoa mguu pale mlangoni.

Basi lilikuwa limeshatoka mjini, theluji pande zote, simu ikalia mara moja, ikakatika. Namba ya Amani. Huyu ndiye aliyezoea kunicheka, "Papa, dakika ni za bure Amerika, bipu ya nini?" Kidole kilitaka kupiga, nikakizuia. Nikambipu.

Mpaka leo hatujaongea. Ananibipu, namrudishia. Mama yake anakula.

Nasaha yangu ni hii. Ukiwindwa, nyamaza, sitakudanganya. Lakini usikae chini baada ya wawindaji kuondoka, na kama huwezi kusema, bipu tu, tujue hujazama. Na wewe unayemtafuta mtu aliyejificha, punguza mapipa.

Leo nina nyumba Hilliard, paa jipya. Nina gari mbili, moja haiwaki. Mashine ya kukata majani, suti nzuri ya kanisani, mke yuleyule, na simu isiyozimwa. Mungu akupe sikio la kumtambua anayekupenda akigonga, na akupandishe juu salama.