Mzee Japani wa Temeke

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huacha kwanza ninachofanya. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu vya nje vimefunguliwa mlango, nasi vijana tumepagawa. Sabuni ya nje, viatu vya nje, hata kiberiti cha nje tulikinusa kabla ya kukiwasha. Nilikuwa msichana mkubwa, nakaa Temeke kwa mjomba wangu Kondo, aliyezaliwa tumbo moja na mama yangu. Siku hiyo niliketi barazani kwake na msumari mkononi, nta ya moto mbele yangu, nikaandika neno moja ambalo mpaka leo sijaweza kulifuta.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe, maana bila hiyo utanihukumu haraka, au utanisamehe haraka, na yote mawili siyataki. Kule Kinondoni na Magomeni vilikuwa vimefunguliwa vibanda vya magemu. Si haya ya kwenye simu mnayochezea kitandani. Yalikuwa makabati makubwa, yana kioo kizito kama cha televisheni ya zamani, unasimama mbele yake unapigana na majitu mpaka vidole vinaota sugu. Mengi yalifika yamekwisha kuchoka huko yalikotoka. Yakikutana na joto letu, na chumvi ya hewa yetu, na umeme wa mgao unaorudi kwa kishindo, kilichokufa kwanza ni kile kidude kinachopandisha umeme hadi kioo kiwake. Mafundi walikiita flaibeki. Kikiungua, gemu zima linabaki kabati la kuwekea vyombo, na spea hakuna.

Mjomba Kondo alizitengeneza hizo flaibeki. Alikuwa Mzaramo wa Temeke, mpole wa sauti na mbishi wa moyo, hakujaliwa mtoto, na alikuwa akisema jambo moja tu analoliomba ni apate vijana wa kuwaachia ufundi wake kabla hajaondoka. Kiini cheusi alikitoa kwenye flaibeki iliyoungua, kisha akanipa mimi nikizungushie waya upya, waya mwembamba kama unywele. Aliniona nikisuka watu nywele, akasema vidole vyangu vina subira kunizidi mwenyewe. Safu ya waya, safu ya karatasi, tena waya. Mzunguko mmoja ukikaa vibaya, umeme utaruka humo ndani na kazi yote imekwenda bure. Tukimaliza, alikichovya kidude kwenye nta ya nyuki iliyochemshwa na sandarusi, aliyoletewa na ndugu zetu wa Kisarawe. Sandarusi, ule utomvu mgumu wa mti, ndiyo iliyozuia unyevu. Ilipochemka ilinukia mtaa mzima, jirani wakadhani tuna arusi. Na kabla nta haijaganda, mjomba alichukua msumari akaandika ubavuni, kwa herufi zake kubwa zilizoinama: KONDO TEMEKE. Hakuwahi kusahau hata mara moja.

Siku ninayokusimulia, tulikuwa tumepeleka flaibeki kwa Shaabani, kijana mwenye kibanda cha magemu Kinondoni. Alikuwa na adabu zake, alimpa mjomba kiti na shikamoo. Kisha akaigeuza ile flaibeki, akasoma maandishi.

"Temeke?" akauliza. "Mzee wangu, usinielewe vibaya. Mie nataka kitu cha Japani. Hii ya Temeke si itaniunguzia kibanda?"

Hakuijaribu hata kidogo. Mjomba akaifunga kwenye kitambaa chake, akashukuru kwa kile kiti, tukarudi. Aliingia msikitini kuswali alasiri. Mimi nikabaki barazani, nimevimba kwa hasira, nikajiona nina akili kuliko yeye na Shaabani wote pamoja. Nikapasha nta, nikalainisha ubavu ule, jina la mjomba likayeyuka mbele ya macho yangu. Juu yake nikaandika JAPAN. Nilikuwa na mwandiko mzuri shuleni, na ile J niliipa mkia mrefu wa kurembea, kama nilivyoipamba kwenye madaftari yangu.

Kesho yake nikaenda Kinondoni peke yangu. Nikamwambia Shaabani kwamba mjomba amepata nyingine. Akaifunga kwenye gemu, akawasha, kioo kikafunguka rangi zote. "Umeona sasa?" akaniambia. "Japani ni Japani!" Nilicheka njia nzima, watu wakadhani nimechanganyikiwa.

Nilipomsimulia mjomba, yeye hakucheka.

"Mwanahawa," akasema, "kitovu changu kimezikwa hapa Temeke. Leo umenihamisha bila kuniaga."

"Mjomba, si neno tu? Kitu ni kilekile."

"Kama ni neno tu, mbona la kwangu lilikushinda kulibeba mpaka Kinondoni?"

Nilikuwa na jibu. Umri ule mtu hakosi jibu. Nikamwambia Japani inajulikana, na Kondo hajulikani. Akauliza atajulikanaje ikiwa kila akiandikwa anafutwa. Hapo nikarudi kwenye waya wangu, lakini si kwa kuelewa. Ni kwa sababu wazee hawajibiwi mara mbili.

Hakunikataza, mwanangu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani alikuwa amechoka kurudi nyumbani na mfuko uleule aliotoka nao. Alisema tu, "Basi uwe unaandika wewe. Mkono wangu haulijui neno hilo." Tangu siku hiyo yeye alitengeneza, mimi nikaandika. Oda zikaja kutoka kila kibanda. Na kwa kuwa ndiye aliyezipeleka, Kinondoni nzima ikampa jina: Mzee Japani. Alipoitwa hivyo aliitika, lakini niliona jinsi alivyokuwa akiangalia chini kwanza.

Sasa sikiliza lililonifunga mdomo. Siku moja tulifika kwa Shaabani tukamkuta mgeni, mwalimu wa chuo kimoja cha ufundi. Alikuwa akizunguka mjini akitafuta mtu anayejua kutengeneza flaibeki, aje chuoni awafundishe vijana. Nilimwona mjomba anashika ukingo wa meza. Ombi lake la miaka yote lilikuwa limekuja kwa miguu yake, limesimama mbele yake.

"Hapa Bongo humpati, mwalimu," Shaabani akasema. "Hizi zinatoka Japani. Huyu mzee ndiye anayetuletea."

"Ninazitengeneza mimi," mjomba akasema. Sauti ilimtoka ndogo.

Mwalimu akaichukua moja mezani, akaigeuza, akaisoma. Wala hakuwa na dharau. "Lakini mzee wangu, hapa pameandikwa Japani."

Shaabani akaacha kutabasamu. "Mzee, ngoja kwanza. Ina maana siku zote hizi umekuwa unaniuzia feki?"

Unaona alivyonaswa? Akisema ni yake, yeye ni tapeli. Akisema si yake, kazi ya ualimu imekwenda. Palikuwa na mtu mmoja tu pale ndani wa kumtoa, naye ni mimi niliyeandika. Nilitakiwa kusema maneno machache tu: nimeandika mimi, mzee hana kosa. Mjomba alinigeukia akanitazama. Niliogopa Shaabani atatutangaza, niliogopa kuonekana mwongo mbele ya mtu mwenye miwani na mkoba. Nikainama nikajifanya natafuta kitu kwenye mfuko.

"Namtania mwalimu, braza," mjomba akasema. "Mie mleta tu."

Wote wakacheka, mwalimu akaaga, akaondoka. Na mimi nilicheka. Hilo, mwanangu, linaniuma kuliko ule mwandiko.

Njiani hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alizungumzia mvua, akaninunulia na muhogo wa kuchoma. Alimaliza oda alizokwisha ahidi, kisha akaning'iniza vyombo vyake ukutani na hakuvishusha tena. Alipofariki, watu wa Kinondoni walikuja kuzika, kwa maana walimpenda. Wakapita mtaani kwetu wakiuliza msiba wa Mzee Japani uko wapi, na jirani zetu, waliomjua toka utoto wake, wakawajibu kwamba hapa Temeke hakuna mtu wa jina hilo. Wengine walifika makaburini tumekwisha kufukia.

Juzijuzi nilikwenda Kipawa kumwona ndugu yangu. Jirani yake ni kijana fundi, anakusanya yale magemu ya kale na kuyafufua. Akanikaribisha nitazame. Kioo kilikuwa kinawaka, rangi zote. Akafungua mgongo wa gemu, akaniambia kwa furaha kwamba sehemu zote amebadilisha, isipokuwa flaibeki, hiyo haijawahi kufa. Nikachungulia. J ilikuwa na mkia mrefu wa kurembea.

"Hiyo ilitengenezwa Temeke," nikamwambia. "Aliitengeneza mjomba wangu. Mwandiko huo ni wangu."

Alicheka kwa heshima. "Bi mkubwa, wewe nawe kwa utani! Si unaona imeandikwa Japani?" Kisha akainama, akavuta pumzi. "Tena ina harufu nzuri, kama udi. Wale Wajapani walikuwa watu wa ajabu."

Hata sandarusi ya Kisarawe amewapa wao. Nilitamani kubishana, lakini shahidi wake alikuwa mkono wangu mwenyewe. Nikaketi kwenye ngazi ya nyumba ya watu, nikalia, umri huu.

Basi nakuasa. Kazi ya mikono yako, na kazi ya mikono ya aliyekulea, itie jina lake la kweli, hata kama sokoni watalibeua. Watakaokataa leo wana kesho ya kubadili nia, lakini jina ulilolifuta mwenyewe hutapata wa kukurudishia. Na ikitokea umekwisha kosea, kama nilivyokosea mimi, basi siku mtu atakapokutazama akisubiri useme, sema. Sema na aibu yako. Aibu ya kusema ni ya siku ile tu, na mimi hii ya kunyamaza nimezeeka nayo.

Mungu akujaalie kazi utakayoipenda, akupe wa kuwaachia, na uzikwe na watu wanaolijua jina lako. Na ukipita Temeke, mtu akakuuliza ni nani aliyekuwa akitengeneza vitu vile, mwambie aliitwa Kondo.