Bega Laini

Mimi bwana sikuwahi kubeba mzigo mpaka nilipokuwa mtu mzima, nina mke na mtoto. Zamani ningelisema hilo kwa majivuno, sasa naona haya. Kwetu, upande wa Mpitimbi, mwanamume wa Kingoni alishika mkuki, basi. Mkeka, chungu, unga wa njiani, hata ngao yake mwenyewe, vyote vilibebwa na sutu, ndilo jina tulilowaita watu tuliowateka vitani tukaishi nao. Ngao nilipewa adui akishaonekana. Vita ikiisha, namrudishia aliyekuwa akiibeba, nami natembea mikono mitupu nikipiga soga na wenzangu.

Aliyebeba ngao yangu aliletwa nyumbani kwetu na baba akiwa mdogo, tukakua pamoja. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kila asubuhi alipiga magoti akanisalimu, nami nilimwitikia pale nilipokumbuka. Vita ya Maji Maji ilipoanza akatoroka, na sisi tukasema potelea mbali, ataliwa na simba.

Vita yenyewe sina hamu ya kuieleza. Tulinyunyiziwa dawa tukaambiwa risasi zitakuwa maji. Lo! Nilisikia ile bombom, bunduki yao ya kumimina risasi mfululizo, ikianza kuongea, nikawaona watu niliolala nao kambini wanadondoka, na hakuna aliyelowa. Mwisho nilikwenda bomani Songea kwa miguu yangu, nikaitupa ngao yangu kwenye lundo la ngao na mikuki, nikatiwa mnyororo. Wakubwa wetu wakanyongwa. Mimi nilionekana si mtu wa kunyongwa, nikafagishwa boma miezi mingi mpaka wakachoka kunilisha, wakanifungua.

Nyumbani nilikuta maghala yamechomwa na Wajerumani. Mke wangu alikuwa hai na binti yetu alikuwa hai, na hilo peke yake lilikuwa jambo la kushukuru, kwani majirani wengi walikuwa wamekwisha. Walikuwa wanakula ndiga, kile kiazi cha porini chenye sumu, unakikatakata na kukiloweka mtoni siku kadhaa, na ukikosea umeua nyumba nzima. Mtoto alikuwa na miaka minne na alikuwa ameacha kucheza. Alikaa tu mlangoni. Mke wangu alikuwa amelima shamba lote kwa jembe, tuta kwa tuta, na hakuwa na hata punje moja ya mbegu.

"Mvua zinakuja," aliniambia. "Nitafutie ulezi. Mvua zikipita shamba likiwa tupu, huyu mtoto hatafika mavuno mengine."

Ulezi ulikuwa bomani, kwa Wajerumani. Aliyepata kazi ya upagazi wa kwenda Kilwa aliachiwa kikapu cha ulezi kwa ajili ya nyumba yake kabla ya kuondoka. Basi nikaenda, mwendo wa siku nzima, na njia yote nikijipa moyo. Nimepigana vita, nina nguvu, nani atanikataa?

Karani wa boma alikuwa mtu wa pwani, kanzu safi. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Ulikuwa vitani?"

"Nilikuwa."

"Upande gani?"

Wakacheka waliokuwa nyuma yangu. Wale waliopigana upande wa Wajerumani walikuwa wamepewa kofia na kazi ya ulinzi, wanaota jua barazani na matumbo yameshiba. Mimi pia nilipigana, nililala kwenye baridi ile ile, nina kovu la risasi pajani mpaka leo. Lakini jeraha langu halikuwa la upande wake. Karani alinielekeza kwa mkono, bila neno, niende kwenye mstari wa wapagazi uwanjani, nikajaribu bahati yangu kwa nyapara.

Nikaenda. Nyapara akatokea, fimbo mkononi, na nani? Yule yule, mbeba ngao wangu! Simba hakumla. Amenenepa kidogo na ana viatu.

Nilifurahi, nawaambia ukweli. Nilijisemea, huyu ni mtu wa kwetu, amekula chungu kimoja nasi, leo nimepata. Halafu nikafanya ujinga ambao Mngoni peke yake angeweza kuufanya: nikasimama kimya nikimsubiri anisalimu kwanza.

Alikuwa anapita mtu kwa mtu, anafunua nguo begani, anabonyeza kwa kidole gumba. Anatafuta sugu. Mpagazi wa kweli ana sugu begani, ngozi nene iliyozoea mzigo. Bega lisilo na sugu hulika katika siku tatu, mtu akaachwa njiani na mzigo wake ukamwangukia mwingine. Waliokuwa sutu wa kwetu walikuwa nazo wote, na walipita wote, hata wale waliosimama nami kwenye mapigano na kukimbia nami. Vita ile ile, upande ule ule! Wao hakuna aliyewauliza neno. Alipofika kwangu alifunua, akabonyeza, akafunika tena taratibu.

"Bega laini," alisema, si kwangu, kwa wote. "Huyu hajabeba kitu maisha yake. Arudi kwao."

"Unanijua mimi," nilisema.

"Ndiyo maana," akasema, akaenda kwa aliyefuata.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Hasira niliyokuwa nayo, kha! Nilimtukana njia nzima, na baba yake, na viatu vyake. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakusema uongo.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa sugu inakuaje?"

"Kwa kubeba."

"Basi beba."

Nikakata gogo la mninga, zito kweli kweli. Kila kulipokucha nililibeba kutoka nyumbani mpaka mtoni, na kutoka mtoni mpaka nyumbani, kilimani kule, begani pakavu. Mke wangu alitaka kunisokotea kata ya majani niiweke chini ya gogo, nikakataa, maana kata ingeizuia sugu isitokee. Siku ya pili ngozi ilichubuka. Siku ya tano bega lilitoa usaha, nikawa napepesuka kama mlevi. Aliniosha kwa maji ya moto akanipaka majivu, na hakuacha kunitania.

"Watu watasema umeoa mke wa pili, na ni gogo."

"Nyamaza, mwanamke."

"Mitungi yangu ya maji miaka yote hii, mbona hukuibeba? Sugu ungekuwa nayo zamani."

Nililitwika gogo, nikashuka nalo tena mtoni. Upande wa milima ya Matogoro mawingu yalikuwa yanajikusanya kila alasiri na kutawanyika. Mtoto alikuwa amevimba miguu. Ilifika siku nikapumzika kando ya gogo, nimelala chali njiani, nikalia, kwa kuchoka tu. Nilichoka vita, nilichoka kushindwa, nilichoka kupimwa na watu. Halafu nikainuka, kwani hakuna mtu ambaye angelibeba badala yangu.

Sugu ikatoka. Ndogo, nyekundu, lakini ngumu. Nikarudi Songea.

Safari hii alipofika kwangu niliinama kabla hajaniangalia.

"Shikamoo, bwana nyapara."

Aliishusha fimbo.

"Marahaba."

Akafunua nguo. Akabonyeza mara moja, akabonyeza tena.

"Hii ni ya juzi," alisema kwa sauti ya chini. "Umebeba nini?"

"Gogo."

"Kutoka wapi kwenda wapi?"

"Nyumbani mpaka mtoni. Halafu narudi nalo."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Nina mtoto."

Nilidhani atacheka, na angekuwa na haki. Hakucheka. Alinitazama begani tu, muda mrefu, na mimi nikatazama viatu vyake. Mwisho akanyoosha fimbo kuelekea kwa waliopita.

"Simama kule."

Kikapu cha ulezi nilikipata siku hiyo hiyo. Mke wangu alikuwa amekuja nyuma yangu na mtoto mgongoni, amekaa nje ya boma akisubiri. Nilipompa alitia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, akahakikisha ni ulezi mpaka chini, kisha akagawa palepale kwa macho: huu wa uji, huu wa shamba. Alimtia mtoto punje chache mdomoni akatafune, na mtoto akatafuna.

Asubuhi iliyofuata tuligawiwa mizigo. Wengine walipewa nta, wengine pembe. Mimi nyapara aliniita pembeni, akanionyesha furushi refu lililofungwa kwa kamba. Nililitambua kabla sijalishika, kwa ukingo wake uliokuwa umechomoza. Ngao. Ngao kumi za ngozi ya ng'ombe zimepangwa moja juu ya nyingine, zinapelekwa Kilwa zikapakiwe kwenda kwao Ulaya, Mungu anajua kwa kazi gani. Ya juu kabisa ilikuwa na mshono wa ukanda wa ngozi ya mbuzi, alioushona mke wangu mwaka tuliooana. Ilikuwa yangu.

Nyapara naye aliijua. Asiijue vipi, na aliibeba mpaka Nyasa na kurudi, mvua na jua, mimi nikiwa mbele napiga soga? Alishika ncha moja, mimi nikashika nyingine, akanisaidia kutwika. Furushi likatua palepale kwenye sugu.

Tulitembea tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Kamba ilinikata, ukingo wa ngao ulinigonga shingo kila hatua. Nyapara alikuja kutoka nyuma ya msafara, akatembea sambamba nami kitambo, fimbo kwapani.

"Nzito?" aliuliza.

Nilitaka kumwambia mengi. Nilitaka kumwambia kwamba miaka yote ile sikuwahi kumuuliza swali hilo hata mara moja.

"Nzito, bwana," nikasema.

"Ndiyo," akasema, akaenda mbele.