Ngazi za Mbele za Bi Winnie

Siku ya kwanza nilimwona Bi Winnie Toone kwa nyuma. Nilikuwa nimekuja kuanza kazi ya kutunza boila, mtambo wa kupasha majengo joto, katika shule ya wasichana hapa Leicester, mwaka 1958, na yeye alikuwa anashuka ngazi kuu kinyumenyume, kwa magoti, akipiga deki kidato baada ya kidato. Mimi mtu wa haya. Sikujua mgongo unasalimiwaje, nikasimama chini, kofia mkononi, mpaka mgongo ukanifikia, ukanigonga, na ndoo ikapinduka.

"Nani kaweka nguzo hapa?"

"Ni mimi, mama. Cyril. Wa boila."

"Sasa Cyril wa boila, muda wote huo ulikuwa unatazama nini?"

Niliona aibu wiki nzima. Yeye alicheka wiki mbili.

Habari za ngazi zile alinieleza baadaye, tukinywa chai kando ya boila. Mwalimu mkuu wa kwanza, aliyefungua shule mwaka 1878, aliamuru kwamba ngazi kuu ni za walimu. Wanafunzi wapite za nyuma, na kila msichana atazishuka zile kuu mara moja tu, siku ya kumaliza shule, akiwa amevaa kofia ya shule. Amri ile ilishikwa kuliko Amri Kumi. Hata wakati wa vita, ving'ora vya ndege za mabomu vilipolia, wasichana mia nne walisukumana ngazi za nyuma, na zile kuu zikabaki tupu zinang'aa.

Winnie naye alisoma pale, kwa nafasi ya bure aliyoishinda mwenyewe. Alipokuwa na miaka kumi na minne baba yake akafa, akaenda kiwanda cha soksi. Hakumaliza, hakushuka. Miaka ishirini baadaye alirudi shuleni na ndoo.

"Lakini si unazishuka kila siku?" nikamwuliza.

"Kinyumenyume haihesabiwi, mjinga wewe!"

Mwaka 1974 ukafika wakati wake wa kustaafu. Mwalimu mkuu, Bi Averill, akamwita achague zawadi: saa ya mezani au birika. Mimi nilikuwa juu ya kiti ofisini humo, nabadilisha balbu.

"Nataka kushuka ngazi," Winnie akasema.

"Bi Toone, hizo ni za waliomaliza."

"Miaka thelathini nazisugua. Nani kamaliza zaidi yangu?"

Bi Averill akakuna kidevu. "Na kofia je?"

Sikuwa nimewahi kufungua mdomo mbele ya mwalimu mkuu. Nikasikia sauti yangu yenyewe inasema, "Ipo moja kwenye kabati la vitu vilivyopotea."

Siku yenyewe wasichana walijaa ukumbini, na chini ya ngazi palikuwa na meza yenye keki kubwa ya krimu. Kofia ilikuwa ya mtoto. Nikaifunga kwa kamba chini ya kidevu chake. Na kwa furaha yangu, tangu alfajiri nilikuwa nimeipaka nta ile mbao ya kushikilia pembeni mwa ngazi, nikaisugua mpaka nikajiona ndani yake.

Winnie akasimama juu, uso mbele. Akatazama chini, akageuka mweupe kama chaki.

"Cyril! Mbona huku mbele kuna shimo?"

"Ni ngazi zilezile, mama."

"Sizijui za upande huu! Magoti yamegoma!"

Nikapanda, nikampa mkono.

"Toa huo mkono! Watasema nilibebwa."

Akapandisha sketi, akakalia ile mbao kama anapanda farasi.

"Bi Toone!" Bi Averill akapiga kelele.

Nta ikafanya kazi yake. Alinipita kama risasi, sketi imefunguka kama mwavuli, anapiga vigelegele mpaka ndani ya keki.

Bi Averill akafuta krimu kwenye miwani yake, taratibu. "Uso wake ulielekea wapi?"

"Mbele, mwalimu!" wakapaza sauti wasichana wote.

"Basi imehesabiwa."

Vioo vya madirisha vilitetemeka kwa kelele zile. Mimi nilileta ndoo, na kwa mazoea nikamnyooshea tambara. Jioni ile alikuwa anahamia kwa dada yake, mji wa pwani wa Skegness, na sikumwona tena. Akalitazama tambara, akaiweka sawa kofia yake, krimu inamdondoka puani.

"Piga deki mwenyewe, Cyril. Mimi nimemaliza shule."